Shule Ipi Bora Rombo? Swali na Hesabu Zake



Nimepewa mada ya kulinganisha shule za sekondari za serikali wilayani Rombo. Najua wengi mmekuja mkitegemea orodha, ya kwanza hii na ya mwisho ile, ili mzazi akitoka hapa ajue pa kumkimbizia mtoto wake. Orodha hiyo sina, na ningekuwa nayo nisingeisoma. Nimekuja kudai kwamba namna tulivyozoea kuzipima shule zetu inawavika sifa walimu wasiozitolea jasho na kuwadhalilisha wengine wanaobeba mzigo mzito, na kwamba kipimo cha haki zaidi kinaweza kupatikana hapa hapa mjini Mkuu, kwa rejista ambazo tayari ziko kwenye makabati ya wakuu wa shule.

Tuanze na matokeo yenyewe. Baraza la Mitihani likitangaza ya kidato cha nne, kwa kawaida mwezi Januari, simu hupita mkono kwa mkono hata stendi. Kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsi, jumla ya pointi, daraja, kisha masomo na alama zake. Tumchukue binti mmoja wa kubuni. Uraia D, Historia D, Jiografia F, Kiswahili C, Kiingereza D, Baiolojia D, Hisabati F. A ni pointi 1 na F ni 5, kwa hiyo jumla yake ni 29, na daraja la nne huanzia 26 hadi 33. Binti huyu, kwa hesabu ya shule, ya halmashauri na ya taifa, amefaulu. Atahesabiwa kwenye ile asilimia inayosomwa kwenye mahafali na kwenye kikao cha baraza la madiwani.

Sasa mwulize anakwenda wapi. Kidato cha tano kinataka walau C tatu, naye anayo moja. D ni alama 30 hadi 44. Yaani katika masomo manne alikosa zaidi ya nusu ya mtihani. Na yupo mwenzake aliyepata D mbili tu na F tano. Jumla yake ni 33. Naye yuko daraja la nne, naye amefaulu. Kitaifa mwaka 2024 ufaulu ulikuwa asilimia 92.37, tukapiga makofi. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu hawakufika nusu ya watahiniwa. Hisabati, mwaka baada ya mwaka, hufaulu robo hivi au pungufu. Kwa hiyo shule ikitundika bango kwamba imefaulisha kwa asilimia 95, kitu cha kwanza cha kuuliza ni hicho kilichofichwa ndani ya neno kufaulu. Wangapi wana C tatu? Wangapi walipata C ya Hisabati? Bango halisemi.

Haya, tuseme tumeacha mabango na tunatazama madaraja. Bado kuna wasioonekana kwenye karatasi kabisa. Nawapa shule mbili, nazo za kubuni, msije mkaanza kuzitafuta njiani mkirudi Tarakea. Ya kwanza ilipokea wanafunzi 160 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye waliokaa kwenye mtihani ni 95, wakafaulu 93. Ufaulu wake ni karibu asilimia 98. Ya pili ilipokea 120, wakafanya mtihani 114, wakafaulu 104: asilimia 91. Kwenye orodha ya wilaya ya kwanza iko juu na mwalimu wake wa taaluma anapewa cheti. Lakini rudi kwa watoto walioingia getini. Ile ya kwanza imewavusha 58 kati ya kila mia. Ya pili imewavusha 87. Wale 65 waliopotea njiani wako wapi? Wengine walihama kihalali, na uhamisho uhesabiwe peke yake. Wengine walikariri kidato cha pili wakachoka. Wengine wanaendesha bodaboda mpakani. Msichana aliyepata mimba, kabla ya Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, alikuwa hana mlango wa kurudi. Sasa mlango upo, ila ni shule chache zinazomfuata nyumbani kumwambia kwamba upo.

Wala msidhani nawasingizia walimu ujanja. Lipo jambo lililochunguzwa. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule na kuzitangaza, hadi kuzipaka rangi ya kijani, njano na nyekundu. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walifuatilia upangaji huo katika shule za msingi nchi nzima, na matokeo yao yalichapishwa 2021. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani ndani ya wilaya zao zilijikaza na ufaulu ukapanda. Hilo ni jema. Walikuta pia kwamba katika shule hizo hizo idadi ya watahiniwa wa darasa la saba ilipungua. Aibu ya kuwa wa mwisho wilayani ilifanya kazi mbili kwa pamoja: mwalimu akafundisha zaidi, na mtoto dhaifu akabaki nyumbani siku ya mtihani. Nani aliyemwambia abaki? Hakuna anayeandika barua ya namna hiyo. Mzazi huambiwa tu kwamba "huyu bado, apumzike mwaka huu."

Januari 2023 Baraza la Mitihani, kwa kauli ya aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wake Athumani Amasi, liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Wapo waliolalamika kwamba tunaficha. Mimi naona walifanya vizuri nusu. Waliondoa jukwaa la biashara kwa shule binafsi zenye kuchuja, lakini hawakuleta kipimo kingine mahali pake, na pengo hilo limejazwa na maneno ya kwenye daladala.

Ndugu zangu, kuchuja ndilo neno la leo. Mtoto wa darasa la saba Rombo akifanya vizuri sana, Desemba TAMISEMI hutoa majina na yeye huenda Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala au Msalato, shule za vipaji maalumu. Anayefuatia hupata bweni. Mwenye wazazi wenye uwezo huenda seminari au shule binafsi, nazo zimejaa mkoani kwetu Kilimanjaro. Waliobaki hupangwa shule ya kata iliyo karibu. Halafu miaka minne baadaye tunaiweka shule ya kata kwenye mstari mmoja na waliochukua wa juu, tunashangaa kwa nini iko chini. Mkulima akipeleka kahawa chama cha msingi, hakuna karani anayepima uzito bila kutazama kwanza imekauka kiasi gani.

Jirani zetu hapo ng'ambo, Taveta na Loitokitok, angalau wamelisema waziwazi. Kenya ilizigawa sekondari za umma katika ngazi nne: za kitaifa, zinazopokea kutoka kaunti mbalimbali, za kaunti, na za kaunti ndogo ambazo nyingi ni za kutwa. Mzazi wa Loitokitok anajua shule ya kutwa ya kijijini kwake haishindani na shule ya kitaifa kama Alliance. Na hata huko, mwishoni mwa 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi, kukazuka ubishi mkubwa. Sisi ngazi tunazo zilezile, ila hatuziandiki popote, na matokeo yake lawama humwangukia mkuu wa shule ya kata.

Mtaniuliza kuhusu Kisimiri. Ni kweli: shule ya serikali, ya kijijini, kwenye miteremko ya mlima Meru, ilishika nafasi ya kwanza kitaifa kidato cha sita mwaka 2016. Jambo hilo linastahili kila sifa, na linawanyamazisha wanaosema shule ya serikali ya vijijini haiwezi. Lakini wanaoingia kidato cha tano wameshachujwa na mtihani wa kidato cha nne. Kila mmoja amekuja na C zake mkononi. Kisimiri inatuonyesha nidhamu na uongozi wa shule vinaweza kufanya nini kwa mwanafunzi aliyeiva. Haituonyeshi cha kumfanyia aliyekuja na D.

Na Rombo tuna historia yetu inayofanya ulinganisho uwe mgumu zaidi. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kilema 1891 na hapa Rombo 1898, kwa hiyo kusoma na kuandika si jambo geni kwetu. Lakini sekondari kongwe za mlima Kilimanjaro zilikaa upande ule mwingine. Shule ya serikali ya Old Moshi ilianza 1922. Kisha Umbwe, Ashira, Machame, Kibosho, Lyamungo, Weruweru. Kahawa na maji ya mifereji vilikuwa vingi zaidi huko, na kahawa ndiyo iliyolipa ada. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitwaa shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku, na miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zikagawiwa kwa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Haki ilikuwa hapo. Kwa Mchaga ilimaanisha mtoto mwenye alama nzuri kukosa nafasi. Jibu la wazazi wa Kilimanjaro lilikuwa kujenga wenyewe, kwa michango ya kijiji, ya parokia, ya usharika, hadi mkoa huu ukaongoza nchi kwa sekondari zisizo za serikali. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 na bei ikaporomoka, majengo mengi yalibaki na mashimo ya madirisha.

Tena tusisahau Sekondari ya Shauritanga, hapa hapa wilayani. Juni 1994 bweni la wasichana liliungua usiku na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Wapo humu ndani wanaokumbuka mazishi yale. Nalitaja kwa sababu hakuna safu kwenye karatasi ya matokeo inayosema bweni lina milango mingapi, madirisha yana nondo za namna gani, na maji ya kuzimia moto yako wapi. Mzazi anayelinganisha shule za bweni kwa GPA, yaani wastani wa pointi, pekee ameacha kuuliza swali ambalo wilaya hii ililipia.

Shule za kata zilikuja baadaye, kwa wimbi la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004, na msukumo wa Waziri Mkuu Edward Lowassa kuanzia 2006. Kila kata na shule yake. Watu walizicheka, wakazipa majina. Mimi nasema wazi: zile shule za matofali ya kuchomwa na sakafu ya vumbi zimefanya zaidi kwa binti wa Rombo kuliko shule zote kongwe za mlima zikiwekwa pamoja, kwa sababu zilimfikia alipo. Zilikosa walimu, hilo halina ubishi. Mwaka 2012 nchi nzima asilimia 60 hivi ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata daraja sifuri, na aibu ile ilibebwa kwa sehemu kubwa na shule hizi.

Sasa tuingie ndani ya wilaya, maana hapa ndipo tunapoonana. Shule iliyo kando ya lami, barabara hii ya kutoka Marangu kupitia Mkuu kwenda Tarakea, haina maisha sawa na iliyo kule chini tambarare. Mwalimu wa Fizikia akipangiwa karibu na lami anapata chumba, duka na gari la Moshi. Akipangiwa chini, jua ni kali, maji ni ya kununua kwa dumu, na barua ya kuomba uhamisho anaiandika kabla hajafungua begi. Wa masomo ya sanaa wanapatikana. Mwaka 2017 serikali iliwahamishia hata wengine shule za msingi kwa kuwa walizidi. Wa Hisabati na Fizikia ndio wa kutafuta kwa tochi. Rais Kikwete aliagiza 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tukachangishwa, kuta zikasimama. Nenda kaangalie ngapi zina maji kwenye bomba na gesi, na ngapi zimekuwa stoo ya viti vibovu.

Halafu kuna kihamba na shamba. Familia nyingi zinaishi juu kwenye migomba na kulima mahindi na maharage chini. Mvua za Machi zikianza, viti vya nyuma darasani vinabaki wazi. Mwalimu anaandika utoro. Mzazi anasema mtoto alikuwa anatafuta chakula atakachokula shuleni, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Hicho chakula nataka nikae nacho kidogo. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ada ya sekondari hadi kidato cha nne imefutwa: ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni. Serikali inafidia ada na kutoa ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 130 kwa siku, na sehemu yake ni ya vitabu. Humo hamna makande. Makande yanatoka kwa mzazi, kwa debe la mahindi, kilo za maharage na hela ya mpishi na kuni, kwa makubaliano ya kikao. Mahali ambapo kikao kilikwenda vizuri, mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kikombe cha chai ya rangi anakula saa saba, na kipindi cha Hisabati cha saa nane kinafundishika. Mahali ambapo wazazi walisusa wakisema "elimu ni bure," saa nane mwalimu anafundisha vichwa vilivyolala juu ya meza. Na mahali pabaya kuliko pote ni pale waliochanga wanakula na wasiochanga wanasimama nyuma ya darasa wakijifanya wanasoma. Mkinilazimisha kuchagua alama moja tu ya kuzilinganishia shule za kutwa za Rombo, ningeacha GPA, nikaenda jikoni saa saba na kuhesabu sahani.

Basi kipimo ninachokiomba ni hiki. Afisa Elimu Sekondari ana majina ya waliochaguliwa na alama zao za darasa la saba. Wakuu wa shule wana rejista za mahudhurio na za uhamisho. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili na ya kidato cha nne yako wazi kwa kila mtu. Kwa kila kundi lililoingia mwaka mmoja, shule ibandike kwenye ubao wa matangazo wameingia wangapi na alama gani, wamehama wangapi, wamepotea wangapi, na waliobaki wangapi wamepata C tatu na zaidi. Hapo shule iliyopokea wenye C za darasa la saba ikatoa vijana thelathini wa kidato cha tano itaonekana ilivyo, na iliyopokea wenye A ikatoa haohao thelathini nayo itaonekana. Shule za kule chini tambarare zilinganishwe na za huko huko, zenye hosteli na zenye hosteli. Na shule ndogo zisihukumiwe kwa mwaka mmoja: darasa la watahiniwa 35 wakiingia watoto watatu wakali, asilimia inaruka, mwaka unaofuata inaanguka, na mwalimu ni yuleyule. Ndiyo maana hata Baraza, zama zile za kupanga nafasi, lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40.

Mwalimu mmoja aliniambia wiki iliyopita kwamba takwimu hizo zikibandikwa, mkuu wa shule ataitwa kujieleza. Ndiyo, ataitwa. Lakini kwa mara ya kwanza ataitwa na ushahidi wa kumtetea. Leo anaitwa na asilimia moja tu mkononi, na anayemhoji hajui waliingia watoto wa namna gani.

Haraka yangu ina sababu. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Walioanza la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Yaani Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, hivyo hakuna wa kuachwa nyumbani. Shule ya kata yenye mikondo mitatu leo itatakiwa kupokea karibu mara mbili, na mwalimu mmoja wa Hisabati. Profesa Adolf Mkenda alipoteuliwa kuwa Waziri wa Elimu Januari 2022 alikuwa mbunge wetu wa Rombo, kwa hiyo kisingizio kwamba sauti ya huku haifiki Dodoma mimi sikipokei. Kinachokosekana ni karatasi ya kumpelekea: kata gani itaelemewa, ina vyumba vingapi, inapoteza watoto wangapi kati ya kidato cha kwanza na cha nne, na inahitaji mwalimu wa somo gani.

Mwenyekiti, naomba wakuu wa shule waliopo humu wabaki baada ya maswali. Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja yenye safu hizo nilizozitaja, na tuanze na kundi lililoingia kidato cha kwanza Januari 2022, ambalo limeshamaliza. Atakayekuta rejista yake ina mwezi usiojazwa aache wazi hivyohivyo, asibuni.